Ndama Aliyeliwa Kabla ya Kuhesabiwa

Kabla sijamjua mtu yeyote katika kijiji nilichopangiwa kazi, nililijua josho lake la kuogeshea mifugo kwa harufu. Kijiji kilikuwa upande wa Busawe, Serengeti, na chumba nilichopewa kilikuwa nyuma ya ofisi ya kijiji, mahali ambapo upepo ulipita kwanza juu ya josho ndipo unifikie. Dawa, mavi, mkojo wa wanyama waliotishika, maji yaliyokaa juani kwa wiki nyingi, vyote vilikuja pamoja na kuingia kwenye nguo, kwenye mto, kwenye chai. Mimi ni mtoto wa Tarime mjini, binti wa fundi cherehani. Nilikulia kwenye harufu ya kitambaa kipya na mafuta ya mashine. Wiki za mwanzo nilikula huku nimebana pumzi, na chakula usichokinusa ni kama kutafuna karatasi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila ukoo na malisho yake, walikuwa wamesogezwa wakae safu kwa safu kando ya barabara, na ng'ombe wao wakasogezwa pamoja nao. Makundi ambayo hayakuwahi kukutana sasa yalilala ubavu kwa ubavu na kunywa maji sehemu moja. Kupe wakawa wengi hata ukikaa kwenye nyasi kidogo tu, unawakuta wamepanda mpaka gotini. Ndama walikufa. Walivimba matezi chini ya masikio, wakapandwa na homa, wakakohoa, na mwisho povu likawatoka puani wakalala wasiinuke tena. Ugonjwa huo unaitwa ndigana, na unaletwa na kupe.

Wanakijiji waliniita bwana mifugo. Hawakuwahi kuona mwanamke akifanya kazi ile, kwa hiyo neno la kuniita halikuwepo, wakanipa lile lililokuwepo. Kiswahili changu pia kiliwachekesha. Baba yangu asili yake ni pwani, na nyumbani tulizungumza Kiswahili tangu tukiwa kitandani, wakati wao walikuwa na lugha zao na Kiswahili kilikuwa cha shule na mikutano. Walisema naongea kama redio. Sikuudhika. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, na nilipenda kila kitu isipokuwa ile harufu.

Msimamizi wangu wa kazi alikaa makao ya wilaya. Wote tulimwita Mkuu, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na alikuwa na tabia ya kujifuta jasho kwa leso kubwa halafu kuikagua leso, kana kwamba anatafuta kitu alichokipoteza humo. Siku moja alikuja na Landrova iliyobeba mapipa ya dawa mpya ya kuogeshea mifugo. Dawa hiyo ilikuwa ya msaada, na kabla ya kuimwaga kwenye majosho yote ya wilaya, wakubwa walitaka kujua kama inazuia ndigana kuliko ile njia ya watu ya kuwatoa kupe kwa mkono.

"Wewe ndiye uliyefanya vizuri kwenye somo la takwimu," aliniambia. "Tupangie jaribio la kisayansi. La kisayansi kabisa."

Nilifurahi mno. Chuoni tulikuwa na mwalimu wa takwimu, mzee mkavu asiyecheka, ambaye wenzangu walimwogopa na mimi nilimpenda. Alitufundisha kwamba kabla ya hesabu yoyote kuna adabu ya jaribio. Usipoweka kundi la kulinganisha, hujui kitu. Ukichagua mwenyewe nani aingie kundi gani, hujui kitu. Ukimtoa mnyama kwenye hesabu baada ya kuona yaliyompata, hujui kitu, tena wewe una hasara kuliko asiyejua, kwa sababu unadhani unajua. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile, hapandishi wala hashushi, kama mtu anayesoma bei za bidhaa.

Kwa hiyo niliitisha mkutano mbele ya ofisi ya kijiji. Nilieleza kwamba tutachukua ndama wa umri unaokaribiana, tuwagawe nusu kwa nusu. Nusu moja itaogeshwa kwenye josho kila wiki. Nusu nyingine haitaogeshwa, itatunzwa kama wenyewe walivyozoea. Mvua za masika zikipita, tutahesabu waliokufa huku na waliokufa kule. Na mgawanyo wenyewe utakuwa wa kura. Nilikuwa na kibuyu chenye maharage mekundu na meupe. Mwenye ndama ataingiza mkono bila kutazama. Akitoa jekundu, ndama wake ni wa josho. Akitoa jeupe, ni wa nje.

Mama mmoja alisimama. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume, na baadaye nilikuja kujua kwamba katika ng'ombe wote aliokuja nao kijijini alikuwa amebakiwa na jike mmoja mwenye ndama.

"Bwana mifugo," alisema, "dawa ipo?"

"Ipo, mama."

"Inawatosha ndama wetu wote?"

"Hawa wa jaribio, ingewatosha."

"Na wangu anaweza kuumwa kesho?"

"Anaweza."

"Sasa kwa nini harage ndilo liamue?"

Watu walicheka, lakini waliacha kucheka haraka kwa sababu kila mmoja alitaka jibu.

"Kwa sababu mimi sijui kama dawa inasaidia, mama," nikasema. "Ningejua, ningewaogesha wote leo. Huenda inasaidia, huenda inadhuru. Na nikichagua mimi, au mkichagua ninyi, tutawapeleka kwenye dawa ndama wenye afya, hata bila kukusudia. Halafu wakipona tutaisifu dawa kwa kazi ya afya yao. Harage halina ndugu hapa kijijini."

Alilifikiria hilo. "Na ikionekana dawa inafaa?"

"Hawa watakaoachwa ndio watakaoogeshwa wa kwanza. Wako akiwa mmoja wao, nitamwogesha kwa mkono wangu."

Akaja, akaingiza mkono kwenye kibuyu, akatoa harage jeupe. Alilitazama kidogo kwenye kiganja, akanirudishia, akaenda kukaa. Aliyefuata alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Naye akatoa jeupe.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa kukunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, kama mtu ambaye muda wote yuko mbioni kwenda shamba, ingawa sikumwona shambani. Jioni alinifuata ofisini.

"Ile kura ya leo," aliniuliza, "ilikuwa ya mazoezi, siyo?"

"Hapana, mwenyekiti. Ndiyo yenyewe."

"Basi ulikosea kutikisa kibuyu."

Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka. Tuliwatia ndama alama kwa kukata kipande kidogo cha sikio, kulia kwa wale wa josho, kushoto kwa wale wa nje, na kazi ikaanza.

Wiki ya pili Mkuu alifika. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mwenyekiti, maana walitoka pamoja nyumbani kwake wakiwa wanachokonoa meno. Aliniambia kwamba mwenyekiti ni kiongozi, na kiongozi anaonyesha mfano. Wananchi watasemaje wakiona ndama wa kiongozi hapitishwi kwenye josho la serikali?

"Kama kura imemtoa, Mkuu, imemtoa."

"Kura ni yako. Josho ni la wananchi." Akajifuta jasho, akaikagua leso. "Mhamishe."

Hakuhamishwa peke yake. Mjumbe mmoja wa kamati akasema na wake, na ndugu wa mjumbe akasema na wake, na ili makundi yabaki sawasawa kwa idadi, ikabidi wengine watolewe josho kwenda nje. Nani watolewe? Walitolewa wale waliokonda, na wale wa watu wasio na wa kuwasemea. Siku hiyo nilisimama kando ya zizi nikitazama ndama wakishikwa na kukatwa sikio la pili, damu ikiwachuruzika shingoni, nzi wakitua juu yake kabla haijakauka. Makundi yalikuwa sawa kwa idadi. Mtu aliyekuja kutazama kwa mbali angeona jaribio safi kabisa. Mimi niliona wenye nguvu wamepewa dawa na wanyonge wamepewa masika, na bado tunaita hilo kulinganisha. Nilirudi chumbani nikashindwa kula, na safari hii josho halikuhusika.

Ndama wa yule mjane, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, alibaki pale pale alipowekwa na harage. Nilikuwa nikimpitia mara kwa mara. Mama huyo alimlaza ndama ndani ya nyumba, na asubuhi na jioni alimpapasa mwili mzima, ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye mapaja, akiwang'oa kupe mmoja mmoja. Wakubwa walikuwa wamevimba damu, wanene kama mbegu za mbarika. Aliwatupa kwenye makaa na wakapasuka kwa mlio mdogo, ukatoka moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua. Nilikuwa nageuza uso. Yeye alicheka.

"Redio haipendi kupe," alisema.

Ndama yule alinenepa, akang'aa. Sikusema kitu, kwa sababu ndama mmoja mwenye afya hathibitishi lolote. Angeweza kuwa na bahati, angeweza kuzaliwa na mwili mgumu. Hata mwalimu wangu angenikataza kumtumia kama hoja. Lakini nilipenda kwenda kumtazama, maana ndiye mnyama pekee katika jaribio lote ambaye nilikuwa na hakika kwamba hajachezewa.

Kisha josho lenyewe likaanza kuua. Mvua ilikatika mapema kuliko tulivyotarajia, maji yakapungua kwenye josho, na wanawake waliokuwa wakichota maji mtoni kwa ndoo walichoka kulijaza. Kipimo cha dawa kilibaki kile kile. Nilimwambia Mkuu kwamba maji yakipungua dawa inakuwa kali, tusimamishe mpaka tujaze. Akasema ratiba ni ratiba. Ndama wanaruka ndani ya josho kwa hofu na kumeza maji. Siku ya kuogesha ilipofika, baadhi yao walipotoka walianza kutetemeka, udenda ukawatoka kama kamba, wakaenda wakijigonga kwenye nguzo. Mpaka jua linazama wanne walikuwa wamelala chini ya uzio, macho wazi, matumbo yamejaa. Wenye ndama walikuja kuwatazama na kuniangalia mimi.

Mkuu alipokuja nilimweleza na kumwonyesha jinsi nilivyowaingiza kwenye daftari: waliokufa, kundi la josho.

"Hawa walikufa kwa ndigana?" aliuliza.

"Hapana. Kwa dawa."

"Jaribio letu linapima nini?"

"Kama ndama wa josho wanaishi kuliko wa nje."

"Linapima ndigana," akasema taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Hawa hawakufa kwa ndigana. Watoe."

"Mkuu, kama dawa inazuia ndigana lakini inaua yenyewe, mwenye ndama atafaidika nini?"

"Watoe, binti yangu."

Neno hilo, binti yangu, lilinikera kuliko amri yenyewe. Nikawaza labda nakosea. Kuna majaribio ambayo mtu anahesabu chanzo kimoja tu cha kifo, na hilo si kosa, ilimradi aseme hivyo tangu mwanzo na afanye hivyo pande zote mbili. Nikasema sawa, kama ni hivyo basi na upande wa nje tuwatoe waliokufa kwa mambo mengine. Kulikuwa na mmoja aliyeanguka korongoni. Kulikuwa na mwingine aliyekamatwa na fisi.

"Fisi hamkamati mnyama mzima," Mkuu akasema. "Anakamata mgonjwa. Huyo ni ndigana."

"Na wa korongoni?"

"Alianguka kwa sababu gani? Kizunguzungu. Homa. Ndigana."

"Na ndama wa mwenyekiti? Naye aliliwa na fisi juzi."

"Yuko kundi gani?"

"Tangu ahamishwe, yuko la josho."

Mkuu alikunja leso yake, akaitia mfukoni. "Basi huyo ni fisi," akasema.

Mwenyekiti alikuwa amesimama hapo hapo, akaitikia kwa kichwa, kwa uso wa mtu aliyesikia jambo la haki. Nilikuwa nimewahi kuona watu wakidanganya. Dukani kwa baba yangu watu walidanganya kila siku juu ya vipimo vya viuno vyao. Lakini sikuwahi kuona uongo ukitengenezwa hivyo, mchana, bila haraka, kila kipande kikiwekwa mahali pake kwa utulivu kama mtu anayejenga ukuta. Nilitoka nje, na nyuma yangu nikamsikia mwenyekiti akimwambia Mkuu kwamba wasichana wa mjini hawaiwezi kazi ya ng'ombe.

Mwisho wa masika tulitangaziwa kwamba atakuja mgeni mkubwa kusikia matokeo na kulisifu josho. Kijiji kilifagiliwa. Mawe ya barabarani yalipakwa chokaa. Mimi nilipewa kazi ya kusafisha josho na kuandaa ndama watakaopitishwa mbele ya mgeni, wale wanene, wa kamati. Nilikuwa huko tangu alfajiri, buti zimejaa tope lenye dawa, na kufikia saa nne upepo uliniletea harufu ya nyama ikichemka. Kwa mara ya kwanza josho lilizidiwa na harufu nyingine, na nakumbuka nilifurahi.

Nilipomaliza nikapita jikoni, yaani pale nyuma ya ofisi walipokuwa wamepanga masufuria juu ya mafiga. Fundi viatu wa kijijini, Mwislamu kama mimi, alikuwa anaosha kisu. Ilikuwa kawaida kwenye sherehe za wageni kumtafuta Mwislamu achinje, ili nyama iwe ya watu wote. Alinisalimu kisha akatazama pembeni. Nyuma yake ngozi mbichi ilikuwa imetandazwa, manyoya juu, na kichwa kimewekwa kando yake. Sikio la kushoto lilikuwa na alama yangu. Sikio la kulia lilikuwa zima. Katika kundi lote la nje, ndama wenye sikio moja tu lililokatwa walikuwa wamebaki wachache, na mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso alikuwa mmoja tu.

Mwenyekiti alikuja akisugua viganja.

"Ni mchango wa kijiji kwa mgeni," akasema. "Mama mwenyewe ametoa kwa hiari."

"Kwa nini huyu?"

"Tumemtafuta Mwislamu achinje," akanijibu, "ili na wewe ule kwa raha."

"Mwenyekiti, kwa nini huyu?"

Akashusha sauti. Hakuwa na aibu, alikuwa kama mtu anayemsaidia mwenzake aelewe. "Sasa mgeni aje aone ndama asiyeogeshwa amenona kuliko wa josho? Atasemaje?"

Nilikwenda kwa yule mama. Alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, kamba ya ndama iko mapajani mwake. Nilianza kumwambia pole.

"Usinipe pole," akasema. "Nilikuuliza kama harage ndilo litaamua, ukasema ndilo. Walikuja watatu wenye fimbo. Hakuna aliyekuwa na harage."

Nilibaki nimesimama mbele yake na buti zangu zinanuka, mpaka akaingia ndani.

Kwenye mkutano mgeni alikalishwa kwenye kiti chenye mto. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye miwani na sauti ya upole, na alionekana mwenye njaa baada ya safari ndefu ya vumbi. Sinia la nyama likawekwa mbele yake wakati Mkuu akisoma matokeo. Alisoma vizuri. Kundi la josho, vifo vichache kabisa. Kundi la nje, vifo vingi, vingi sana. Watu walipiga makofi pale walipoonyeshwa pa kupiga. Nilikuwa nikijumlisha kichwani, na idadi ya vifo vya nje ilikuwa imezidi ile niliyoijua kwa mmoja. Nikarudia kujumlisha. Mmoja alikuwa amezidi. Ndipo nikaelewa, nikatazama sinia.

Nilisimama. Sikuwa nimejiandaa, nikashika kiti cha mbele yangu.

"Shikamoo, mheshimiwa," nikasema. "Mimi ndiye niliyepanga jaribio hili. Ndama unayemla hakuogeshwa hata siku moja na hakuwa mgonjwa. Asubuhi alikuwa mzima. Katika hesabu uliyosomewa, amehesabiwa kuwa amekufa kwa ndigana."

Mgeni alikuwa na mfupa mkononi. Aliutazama, kisha akamtazama Mkuu. Mkuu akatoa leso, akajifuta, akatabasamu.

"Mtaalamu wetu huyu ni kijana, mheshimiwa. Ana uchungu na mifugo."

Watu wa meza ya mbele wakacheka, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu walipoona inaruhusiwa. Mgeni naye akacheka.

"Vizuri," akasema. "Tunataka vijana wenye uchungu na kazi."

Kisha akauinua ule mfupa na kuufyonza uboho. Nilikuwa karibu kiasi cha kuusikia mlio wake. Midomo ilimng'aa mafuta, macho yakiniangalia kwa upole, na hakukuwa na ubaya wowote usoni mwake. Naamini hakuelewa nilichosema, au alielewa na akaona ni jambo dogo. Sijui lipi linanichukiza zaidi. Tangu siku hiyo sijala nyama ya ndama, na hilo si kwa sababu ya dini wala afya.

Uhamisho wangu ulikuja kabla ya mwezi kuisha. Nilirudishwa upande wa Tarime, kwenye banda la kukagua ngozi karibu na Matongo, si mbali na Nyamongo ambako vijana walikuwa wakichimba dhahabu kwa sururu na kuosha mchanga mtoni. Kazi yangu ilikuwa kugeuza ngozi mbichi na kuzipanga kwa daraja, na nyingine zilikuwa zimekwisha kuingia funza. Walidhani wananiadhibu kwa uvundo. Niliona nafuu. Ngozi yenye funza ilikuwa na funza, na kila aliyeitazama aliona funza.

Nilipopata likizo nilisafiri mpaka chuo changu cha zamani, nikamtafuta yule mwalimu wa takwimu. Nilimweleza yote kama yalivyotokea, waliohamishwa, waliomeza dawa, wa fisi, wa korongoni, aliyeliwa. Nilimwomba anisaidie kurudisha kila mmoja mahali pake ili tupate jibu la kweli. Alikaa na karatasi kwa muda mrefu, akipanga na kupangua. Mke wake alituletea chai ikapoa.

"Hapana," akasema mwishoni.

"Hapana, dawa haifai?"

"Hapana jibu. Wadhaifu wamepelekwa upande mmoja tangu mwanzo. Ukiona upande huo umekufa zaidi, ni udhaifu wao au ni kukosa dawa? Hutaweza kuvitenganisha. Ningekuambia dawa haifai, ningekuwa nadanganya kama bosi wako. Ningekuambia inafaa, vilevile."

"Kwa hiyo wamekufa bure."

Alikuwa mtu asiyependa kusema jambo asilolipima. "Ndiyo," akasema. "Wamekufa bure." Na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umebadilika, pembe za mdomo zimeshuka, kama mtu aliyeonja kitu kilichochacha na hana pa kukitemea.

Hapo ndipo nilipoelewa ni nini hasa kilichonichukiza. Uongo unaweza kusahihishwa kama ukweli bado upo mahali fulani. Wao hawakuuficha ukweli. Waliuzuia usizaliwe. Dawa ile ilimwagwa kwenye majosho mengine. Nilisikia kwamba mahali pengine ndama walipona, mahali pengine walikufa, na mahali pengi josho lilikauka likawa shimo la watoto kuchezea. Hakuna aliyelinganisha. Mkuu alipandishwa cheo akahamia mkoa mwingine.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nafundisha takwimu kwa wanafunzi wa mifugo, nilikwenda mnadani Mugumu na kundi lao. Kati ya watu na vumbi nikasikia sauti nzito inaita, "Redio!" Alikuwa yule mama, amezeeka kidogo, ameshika kamba ya mtamba mwekundu, jike ambaye bado hajazaa. Nikamwamkia. Akaniambia kwamba baada ya sherehe ile alikuwa akienda kila asubuhi kusimama kwenye lango la zizi la mwenyekiti, hasemi kitu, anasimama tu, mpaka mke wa mwenyekiti akaona aibu akamtolea ndama jike mbele ya majirani. Mtamba huyu alikuwa mjukuu wa ndama huyo. Alikuwa hamuuzi. Alikuja naye kumtafutia dume.

Wanafunzi wangu walikuwa wamenizunguka, wakimtazama. Yeye aliwatazama mmoja mmoja, kisha akanigeukia.

"Ile dawa," akauliza, "hatimaye ilikuwa inafaa?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Hakuna anayejua. Waliharibu, haikuwezekana kujua."

Alitema mate chini, kando ya kwato za mtamba wake. "Walikula," akasema, "na bado hamjui."

Mwanafunzi mmoja alicheka, akadhani ni utani. Nikamtazama akanyamaza. Mama akaniuliza habari za wazee wangu Tarime, nikamwambia baba bado anashona, akaomba nimsalimie, kisha akaivuta kamba na kwenda kumtazama dume la mtu fulani aliyekuwa akimwita upande wa pili wa mnada.